Jumanne ya Pili ya Mwezi

Mhadhara kwa wasimamizi wa kompyuta wa shule, zahanati, sako na saiba za Eastlands, Nairobi

Naona hapa wenye saiba, walimu wa kompyuta, wahasibu wa sako, na mafundi waliofunga vibanda mapema wakawaacha wateja wakinung'unika. Nimeombwa nizungumzie utunzaji wa programu zinazobadilika kila kukicha katika mashirika yenye kompyuta nyingi. "Nyingi" kwetu ni sita, kumi, pengine thelathini kwenye maabara ya shule. Vitabu vya mada hii huandikiwa kampuni zenye kompyuta elfu hamsini na idara nzima ya kuzihudumia. Idara yetu sisi ni kijana mmoja, na kijana huyo ndiye pia anayepiga chapa, anayebadilisha wino wa printa na anayefagia asubuhi.

Naanza na fomu ya KRA. Tarehe 30 Juni kila mwaka ndiyo siku ya mwisho ya kujaza ritani, nanyi mnaijua wiki inayoitangulia: foleni hadi nje ya mlango, watu wameshika PIN zilizoandikwa kwenye vipande vya gazeti. Mwenye mshahara pekee siku hizi hujaza moja kwa moja kwenye tovuti ya iTax. Mwenye biashara hupakua faili ya Excel yenye kurasa nyingi, akaijaza, kisha akabonyeza kitufe cha uhakiki mwishoni. Kitufe hicho huendeshwa na makro, yaani programu ndogo iliyomo ndani ya faili yenyewe. Makro ikiridhika hutengeneza faili ya zip, nayo ndiyo inayopakiwa iTax. Fomu hiyo ina nambari ya toleo. KRA hutoa toleo jipya mara kwa mara, na ukipakia la zamani, hata kama hesabu zako ni sahihi hadi senti ya mwisho, mtambo unaikataa.

Mwaka 2022 Microsoft waliamua kwamba makro zote zilizo ndani ya faili zinazotoka kwenye intaneti zizuiwe moja kwa moja, bila kumuuliza mtumiaji. Walitangaza Februari, wakaanza kueneza badiliko hilo Aprili, wakalisitisha Julai baada ya malalamiko, kisha wakaliendeleza mwishoni mwa Julai hiyo hiyo. Nia yao ilikuwa njema. Kwa miaka na mikaka makro imekuwa mlango mkuu wa virusi vinavyotumwa kwa barua pepe. Lakini fomu ya ritani nayo ni faili ya makro iliyotoka kwenye intaneti, na Excel haina macho ya kutofautisha mtoza ushuru na mwizi. Ukiifungua kwenye kompyuta iliyosasishwa unakuta ukanda mwekundu juu ya ukurasa, na kitufe cha uhakiki kimekufa. Dawa ni kuifunga faili, kuibofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kufungua sifa zake, na kutia alama kwenye kisanduku kidogo kilicho chini kabisa, cha kuondoa kizuizi. Kwa anayejua ni kazi ya sekunde kumi. Asiyejua atapoteza asubuhi nzima na mteja juu yake.

Sasa tazameni kinachotokea chumbani. Kompyuta namba tatu imepata sasisho, namba nne haijapata. Mteja anashindwa kwenye namba tatu, anahamishiwa namba nne, fomu inafanya kazi vizuri. Kijana anahitimisha kwamba namba tatu ina virusi na anaifuta Windows yote. Hapa siwalaumu Microsoft, wala siwalaumu KRA. Hakuna aliyekuwa akijua kompyuta ipi imebeba toleo lipi, kwa sababu hakuna aliyewahi kupewa kazi ya kujua. Hilo ndilo ninalotaka kulijenga leo: masasisho hayatushindi kwa wingi wake, yanatushinda kwa sababu yanafika mahali pasipo na mwenye zamu.

Fikirieni Buruburu. Nyumba zile zilijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, mstari kwa mstari, zikifanana kama pacha. Leo tembea humo utafute mbili zinazofanana. Huyu ameongeza ghorofa, yule amegeuza ua kuwa duka, wa tatu amepangisha karakana. Ndivyo kompyuta zinavyokuwa. Mnanunua kumi za aina moja, siku moja, kutoka duka moja la Luthuli Avenue, na baada ya mwaka kila moja ina tabia zake. Mwenye kutunza nyumba moja moja anaweza kustahimili hali hiyo. Mwenye kutunza mtaa mzima hawezi.

Mambo hayakuwa hivi tangu zamani. Wakati wa Windows XP, mtu aliweza kusakinisha mashine na kuisahau hadi diski yake ikafa. Oktoba 2003 Microsoft walianza utaratibu wa kutoa viraka vya usalama kwa siku maalumu, Jumanne ya pili ya kila mwezi. Hutolewa saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, kwetu ikiwa saa mbili usiku, au saa tatu wanaporudisha saa zao nyuma. Kwa hiyo kiraka cha mwezi kinashuka Nairobi wakati mnahesabu mauzo na kuteremsha milango ya mabati, na asubuhi ya Jumatano ndiyo kompyuta zinaanza kuzunguka zikiwaambia msizizime. Wale mnaolalamika kwamba Windows ina chuki na siku za Jumatano hamjakosea sana.

Halafu vikaja vivinjari. Chrome ilianza kutoa toleo jipya kila wiki sita mwaka 2010, na mwaka 2021 ikahamia kila wiki nne. Mozilla waliiga mwendo huo. Firefox 4 ilitoka Machi 2011, Firefox 5 ikafuata Juni, na mara tu ya tano ilipotoka ya nne ikaachwa bila viraka. Wasimamizi wa kompyuta wa mashirika makubwa walipiga kelele, na walikuwa na haki. Kulikuwa na kampuni iliyokuwa katikati ya kuipima Firefox 4 kwa ajili ya wafanyakazi nusu milioni, ikaambiwa kazi ile yote irudiwe. Kelele zilizaa matunda. Januari 2012 Mozilla walitoa Firefox ESR, toleo linalobaki na sura ile ile kwa takriban mwaka mzima huku likipokea viraka vya usalama tu. Chrome nao baadaye waliweka njia ya polepole ya wiki nane kwa mashirika. Nayataja haya kwa sababu wengi wetu tunadhani kuna mawili tu, kukimbia na kila toleo au kukataa yote. Njia ya tatu ipo, nayo ni ya bure. Maabara ya shule inafaa kutumia ESR, na sijapata kusikia sababu nzuri ya kutoitumia.

Nirudi kwa wale wanaokataa yote, maana ndio wengi, na si wapumbavu. Fundi anayekuuzia kompyuta ya ex-UK, yaani iliyokwisha kutumika Uingereza, mara nyingi ameshazima masasisho kabla hajakukabidhi. Ukimuuliza atakupa sababu, na zina uzito. Bando linagharimu. Stima ikipotea katikati ya usakinishaji, mashine inaweza isiamke. Na sababu asiyoitaja kwa sauti: Windows aliyokuwekea haijalipiwa, na anaogopa sasisho litamuumbua. Hiyo ya mwisho siitetei, lakini siwezi kujifanya siijui.

Iko njia nyingine ya kukataa masasisho, programu ambayo wenye saiba mnaijua kwa jina, Deep Freeze. Ukishaiweka, kompyuta kila ikizimwa na kuwashwa hurudi ilivyokuwa siku ulipoigandisha. Mteja akipakua uchafu, akabadilisha picha ya skrini, akaacha nywila ya barua pepe yake ikiwa wazi, vyote vinayeyuka asubuhi. Kwa saiba ni kinga nzuri sana. Lakini isipowekewa ratiba ya kuyeyushwa, tazama inavyokuwa. Windows inaona haina kiraka cha mwezi. Inapakua, mamia ya megabaiti. Inasakinisha. Inaomba izimwe na kuwashwa. Ikiwaka, Deep Freeze imeirudisha nyuma, kiraka hakipo, na Windows inaanza kupakua upya. Kesho vivyo hivyo. Mashine nane zikifanya hivyo kila siku, mwenye saiba atasema Windows inakula data, kumbe ananunua kitu kile kile kila asubuhi na kukitupa kila jioni. Deep Freeze yenyewe ina mahali pa kupanga siku na saa ya matengenezo, mashine ikabaki wazi, ikasasishwa, kisha ikagandishwa tena. Nimeona wengi wakiwa na programu hiyo, na wachache mno waliowahi kuugusa ukurasa huo wa ratiba.

Je, kukataa yote kuna gharama gani? Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha tundu lililokuwa katika namna Windows zinavyogawana faili kwenye mtandao wa ndani. Tarehe 12 Mei, siku 59 baadaye, virusi vya WannaCry vilipita katika tundu hilo hilo na kufunga zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150, vikidai fidia. Katika huduma ya afya ya umma ya Uingereza, taasisi 80 kati ya 236 za hospitali ziliathirika, na makadirio ni kwamba miadi ya wagonjwa ipatayo 19,000 ilifutwa. Mashine nyingi zilizoshikwa hazikuwa kongwe za XP kama ilivyovuma. Zilikuwa Windows 7, ambazo kiraka chake kilikuwepo na hakikuwekwa. WannaCry haikuhitaji mtu abonyeze kitu. Kompyuta moja ikiambukizwa, jirani zake kwenye waya ule ule hufuata. Sasa wewe una printa ya pamoja na faili za pamoja kwenye mashine kumi. Huo ndio waya ninaousema.

Kwa hiyo tusasishe zote, papo hapo, kila kitu? Ngojeni kidogo. Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa za Nairobi, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma faili ndogo kwa wateja wake wote duniani kwa mkupuo mmoja. Programu yao ilikuwa imeandaliwa kusoma vipengele 21, ikakabidhiwa 20. Ikaenda kukitafuta cha 21 mahali pasipokuwa na kitu, na Windows ikaanguka. Kompyuta milioni 8.5 ziliganda kwenye skrini ya buluu. Saa mbili na dakika ishirini na saba faili ilikuwa imeshaondolewa, lakini mashine iliyoanguka haiwezi kuwaka ili ipokee dawa. Ilibidi binadamu aende kwa kila moja, aiwashe katika hali salama, na aifute faili ile kwa mkono. Delta ya Marekani ilifuta maelfu ya safari za ndege. Na wale waangalifu, waliokuwa wamechagua kubaki toleo moja nyuma ya wengine, walianguka pia, kwa kuwa uchaguzi wao ulihusu programu kuu na si faili ndogo ndogo zinazotumwa kila siku. Hapo ndipo niliposhawishika kwamba ukiambiwa na muuzaji kuwa una uwezo wa kuchelewesha masasisho, umuulize ni yapi hasa.

Kuna kisa cha tatu, nacho ndicho kinachoninyima usingizi kwa sababu kinahusu programu ya ushuru. Ukraine kulikuwa na programu ya hesabu na ushuru iitwayo M.E.Doc, iliyotumiwa na wafanyabiashara wengi sana wa nchi ile. Wavamizi waliingia kwenye seva ya masasisho ya kampuni hiyo ndogo ya Kyiv, wakakaa kimya, na tarehe 27 Juni 2017 wakaiachilia NotPetya kupitia mlango ule ule ambao watu waliuamini. Waliosasisha kwa uaminifu ndio walioumia kwanza. Maersk, kampuni kubwa ya meli ya Denmark, ilikuwa na ofisi iliyoitumia programu hiyo. Mwenyekiti wake, Jim Hagemann Snabe, alisema Davos mwaka uliofuata kwamba walilazimika kusakinisha upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 katika siku kama kumi. Hasara ilikuwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Kilichowaokoa kilikuwa Afrika Magharibi. Seva zinazotunza orodha ya watumiaji wote wa mtandao wa Maersk zilikuwa zipatazo 150 duniani, kila moja ikiwa na nakala ya nyingine, na zote zilifutwa kwa pamoja. Isipokuwa moja, Ghana. Stima ilikuwa imepotea kabla ya shambulio, na seva hiyo ilikuwa gizani wakati wenzake wakiteketea. Intaneti ya pale ilikuwa ya polepole mno kuituma data ile hadi Uingereza, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja wao alipanda ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake ile diski uwanjani, naye akaipeleka London. Nilipokisoma kisa hiki nilicheka, kisha nikanyamaza. Kampuni yenye pesa zote zile ilikuwa na nakala 150, na hakuna hata moja iliyokuwa imewekwa kando kwa makusudi. Nakala yake ya akiba iliandaliwa na kukatika kwa umeme.

Wenye biashara hapa wanajua kwamba tangu 1 Januari 2024 gharama unayotaka itambuliwe na KRA inapaswa kuwa na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Maana yake programu inayozungumza na serikali imeshaingia hadi kwenye duka la vipuri la Kariobangi. Sisemi kwamba ina kasoro. Nasema kompyuta ya namna hiyo ndiyo inayostahili nakala ya akiba isiyounganishwa na chochote. Diski ya nje inayochomekwa Ijumaa, ikanakiliwa, ikachomolewa na kufungiwa kabatini inatosha. Ikibaki imechomekwa siku zote, itakufa pamoja na mashine.

Nifike kwenye kazi yenyewe. Chagueni kompyuta moja iwe ya kwanza kupokea kila sasisho. Msichague ile kuukuu ya pembeni isiyotumiwa na mtu, kwa kuwa haitawaambia kitu. Iwe mashine inayofanya kazi za kweli, na bora iwe ya msimamizi mwenyewe, ili kikiharibika kitu aumie yeye kwanza. Jumatano baada ya Jumanne ya pili inapokea kiraka. Siku hiyo hiyo inafanyiwa kazi za mtaa: fomu ya ritani ifunguliwe na kitufe kibonyezwe, eCitizen ifunguliwe, hati ichapishwe kwenye printa ya pamoja, kitambulisho kiskaniwe. Ikikaa salama hadi Ijumaa, mbili au tatu zifuate. Jumanne inayofuata, zilizobaki. Hiyo ni wiki moja tu ya kuchelewa. Ukikumbuka zile siku 59, wiki moja inavumilika. Miezi miwili haivumiliki.

Nimetaja printa kwa makusudi. Katikati ya 2021 liligunduliwa tundu katika sehemu ya Windows inayoshughulikia uchapishaji, wakaliita PrintNightmare, na Microsoft wakatoa viraka mfululizo. Kile cha Septemba mwaka huo kilizifanya printa nyingi za pamoja zikatae, na skrini ikaandika kosa 0x0000011b. Saiba isiyochapisha ni chumba chenye viti. Watu walikimbilia kukiondoa kiraka kwenye mashine zote, na nadhani wengine hawakukirudisha hadi zilipotupwa. Mwenye kompyuta ya kwanza angeliona kosa hilo Jumatano kwenye mashine moja, akangoja marekebisho, huku zile nyingine tisa zikiendelea kuchapisha vyeti vya tabia njema.

Vivinjari havifuati utaratibu huo. Hivyo visingoje. Kivinjari ndicho kinachokutana na dunia kila dakika, na matundu yake huanza kutumiwa na wahalifu ndani ya siku chache. Shida ya kwetu ni kwamba Chrome hupakua toleo jipya kimya kimya lakini halianzi kazi mpaka kivinjari kifungwe na kufunguliwa, na saiba haifungi kivinjari. Kuna dirisha la KUCCPS, la HELB, la NTSA, la mteja aliyekwenda kutafuta pesa na atarudi. Kitufe kilicho juu kulia kimekuwa kikibadilika rangi kuonyesha sasisho limengoja kwa muda gani, kijani kwanza, halafu rangi ya machungwa, na nyekundu ikishatimia wiki. Kikiwa chekundu, saiba hiyo haijazima kivinjari kwa wiki nzima. Amri ni moja: kila usiku vivinjari vyote vifungwe kabla taa hazijazimwa.

Juu ya bando, hakuna sababu ya kila mashine kupakua peke yake. Tangu Windows 10, mipangilio ya masasisho ina sehemu ya kuruhusu kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani kugawiana zilichopakua. Iwasheni, na muifungie kwenye mtandao wa ndani tu, isije ikawahudumia watu wa nje kwa pesa zenu. Moja itapakua, na nyingine zitachukua sehemu kubwa kwake bila kugusa bando. Stima nayo ina namna yake. Laptopu yenye betri nzima haina neno, lakini kompyuta ya mezani isisakinishiwe kiraka bila UPS, hata ndogo, na si wakati mawingu yametanda.

Kuna nyakati za kutogusa kitu. Saiba isisasishe Windows katika wiki mbili za mwisho za Juni. Shule isiiguse maabara kuanzia wiki kadhaa kabla ya karatasi ya vitendo ya Somo la Kompyuta ya KCSE. Sako isiguse kitu mwisho wa mwezi mishahara inapoingia. Lakini tarehe ya kufungua tena iandikwe siku ile ile ya kufunga. La sivyo, katazo la wiki mbili litageuka kuwa katazo la miaka miwili, na nimeona limegeuka.

Zahanati zina shida ya kipekee. Kompyuta iliyounganishwa na mashine ya kupima damu mara nyingi huuzwa na sharti kwamba isiguswe, na muuzaji akisikia umesasisha Windows anakana dhamana. Basi ikubalike hivyo, lakini itolewe kwenye intaneti kabisa, isitumiwe kusoma barua pepe wala kutazama mpira. Msisahau kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Majina na vipimo vya wagonjwa wa Kayole ni taarifa za watu sawa na za wagonjwa wa hospitali kubwa.

Na yote haya yaandikwe. Daftari la kurasa mia mbili linatosha: kompyuta namba ngapi, imesasishwa lini, na nani, kimeharibika nini. Kijana akiacha kazi aende Qatar, daftari libaki. Kuna shule moja ya mtaa huu, sitaitaja, ambayo msimamizi wake aliondoka na nywila zote kichwani, na maabara ilikaa imefungwa hadi ilipopatikana namba yake mpya ya simu.

La mwisho ni lenye haraka zaidi. Windows 10 ilifikia mwisho wa viraka vya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kuendelea, kwa hiyo sehemu kubwa ya kompyuta za ex-UK zilizo mtaani, za kizazi cha nne na cha sita, hazitaipokea kihalali. Yapo ya kufanya bila kununua mashine mpya. Microsoft wanauza viraka vya nyongeza hadi Oktoba 2028: dola 61 kwa kompyuta kwa mwaka wa kwanza kwa mashirika ya kawaida, bei ikirudufika kila mwaka, lakini kwa taasisi za elimu ni dola 1 mwaka wa kwanza, 2 wa pili, 4 wa tatu. Mwalimu mkuu mwenye maabara ya mashine thelathini anazungumzia dola thelathini. Kwa saiba ambayo kazi yake karibu yote hufanyika ndani ya kivinjari, Ubuntu au Linux Mint ni ya bure na inabeba mashine hizo vizuri, mradi mbakishe Windows moja au mbili kwa ajili ya fomu za Excel zenye makro. Na mwenye Windows 7 ajue kwamba Chrome iliiacha kwenye toleo la 109, mapema 2023. Mozilla waliongeza muda wa Firefox ESR 115 kwa mashine hizo mara kadhaa, lakini huo ni muda wa kuhama, si wa kukaa.

Ombi langu ni kwa wasiokaa mbele ya kompyuta: wajumbe wa bodi za shule, kamati za sako, wenye zahanati, wenye saiba wanaoishi mbali na saiba zao. Mteueni mtu kwa jina kabla ya Jumanne ya pili ijayo. Mpeni saa mbili za Jumatano asizoulizwa kitu kingine, pesa za bando na diski moja ya akiba, na mwisho wa mwezi mlitazame daftari lake kama mnavyolitazama la mapato.